Wakuu, fungu la mazingira la kijiji lianzie wapi? Naomba ushauri kabla ya kikao

Mjumbe_Geita: Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, huku kwa wachimbaji wadogo. Tumepata fungu dogo, linatosha kazi moja tu. Matatizo ni matatu: dampo la sokoni, kilima kilichokatwa miti, na zebaki ya kuchenjulia dhahabu. Afisa wa wilaya alitufundisha kupima hatari: alama 1 hadi 5 za uwezekano wa madhara kutokea, unazidisha na alama 1 hadi 5 za ukubwa wake. Jedwali limezua ubishi, wananchi wanataka dampo. Kikao kimekaribia, usingizi sipati. Tuanze na lipi?

Kisiki: Dampo mkuu. Mtaani kwetu mvua ikinyesha taka zinaingia hadi sebuleni. Mwaka wa kipindupindu tulizika jirani. Tena mwenye nyumba alivyo na roho mbaya, kodi akapandisha palepale.

Mama Sada: Miti! Tunakata wenyewe, ukame ukija tunamlilia Mungu. Kizazi hiki hakina hofu.

Ngosha Mtulivu: Leteni hilo fungu kwangu, nipande miti ya kuzaa pesa 😂

Bwana Afya: Mjumbe, weka hizo alama tuzione.

Mjumbe_Geita: Dampo 5×2=10. Kilima 3×3=9. Zebaki 2×5=10.

Bwana Afya: Kijiji chenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, zebaki uwezekano 2? Nani katoa hiyo 2? Na dhahabu inachomewa wapi?

Mjumbe_Geita: Afisa aliweka 4. Jedwali naandika mimi, nikashusha kwa sababu sijaona mgonjwa hata mmoja. Halafu msinirukie: mke wangu ananunua dhahabu na kuichomea uani, nyuma ya jiko. Watoto tunawaambia wakae mbali. Ada zinatoka hapohapo. Rasimu ya muhtasari ninayo, imeshaandikwa dampo. Wananchi ndio walivyotaka, mimi sijawalazimisha.

Bwana Afya: Kwa 4 ya afisa zebaki ina 20, mara mbili ya dampo. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa, zebaki inageuka mvuke, na mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Unaharibu ubongo na figo, na wenye mimba na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kutoona mgonjwa hakushushi uwezekano kama hakuna aliyepimwa. Minamata kule Japani ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wakati kiwanda kilikuwa kimemwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka kuchomea dhahabu kwenye makazi kukome. Na hili la kufuata kelele haliko kwenu tu. Marekani mwaka 1987 shirika lao la mazingira lilipanga matatizo 31 kwa hatari, likakuta kazi zake zinafuata zaidi hofu za wananchi. Hewa chafu ya ndani ya nyumba ilikuwa juu kwa hatari, chini kwa bajeti. Dampo linanuka, ndiyo maana lina watetezi.

Jicho Kali: Hii chai. Mjumbe wa kijiji azidishe uwezekano na madhara? Huyu ni mwanachuo, kapewa swali na mhadhiri, mnamfanyia kazi bure. Taja kijiji.

Mama Sada: Acha dharau! Mchimbaji anayepiga hesabu za gramu na pointi kila siku atashindwa mbili mara tano?

Kisiki: Lakini kweli, kwa nini la mke kalificha?

Jicho Kali: Kwa sababu kalitunga baada ya kubanwa.

Mjumbe_Geita: Kijiji sitaji, nina familia. Mnaoona chai msinywe. Bwana Afya, nasikia kuna retoti, kile chombo cha kufunika kinachonasa mvuke. Mke wangu akichomea humo, ile 2 si inabaki halali?

Bwana Afya: Retoti nzuri inanasa sehemu kubwa ya mvuke, anunue leo. Lakini hiyo itakuwa alama ya uani kwako. Majirani wangapi wanachomea nyumbani?

Mjumbe_Geita: Karibu kila nyumba yenye mnunuzi.

Bwana Afya: Basi rudisha 4 ya afisa, na jedwali aliandike mjumbe mwingine.