Baba anataka 26 Desemba, upande wa mume wanataka Oktoba. Nishike lipi?

Mrombo wa Tabata
Habari zenu wakuu. Mahari imeshapokelewa. Kwetu Rombo, mchumba kwao Korogwe, sote tunaishi Dar. Imebaki tarehe tu, na hiyo tarehe inatunyima usingizi.

Baba hataki kusikia kitu zaidi ya Jumamosi ya 26 Desemba 2026. Hoja yake mnaijua: Wachaga wote watakuwa nyumbani, kaka zangu wa Mwanza na Arusha hawaombi ruhusa kazini, ndizi zipo, mbege ipo. Upande wa mchumba nao wameshakaa kikao, wamesema 31 Oktoba, hapa hapa Dar, mshahara ukiwa bado wa moto. Wanasema tiketi ya basi la Moshi siku zile ni vita, na wao ukoo mzima ni watu kama sitini.

Mimi roho inapenda Oktoba. Ila mdogo wangu yuko kidato cha nne, mtihani Novemba, na nilishamwahidi atakuwa mpambe wangu. Kuna aliyesema tusogeze hadi Machi tupumue. Nishaurini, ila msiniambie nifuate moyo. Moyo haulipi ukumbi.

Mhazini Mstaafu
Nimeshika daftari la michango harusi saba, naongea nikijua. Desemba watu wanaahidi, hawatoi. Laki moja inageuka elfu thelathini na meseji ndefu ya dharura. Kadi ataichukua, na atakuja na mtu wake.

Michango inataka mishahara mitatu ya kawaida kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo swali langu si tarehe gani, ni hili: vikao vya kamati vimeanza? Kama hamjaanza, Oktoba isahauni. Kusanyeni Septemba, Oktoba, Novemba, halafu harusi ije baadaye.

Jumuiya Ndogo
Nyie Wakatoliki? Kama ndiyo, kalenda ya kwanza ni ya kanisa. Majilio yanaanza 29 Novemba, kwa hiyo 26 Desemba imeshatoka humo. Lakini wiki ile huko kwetu mnaweza kujikuta jozi kadhaa mbele ya altare kwenye misa moja. Kama ulikuwa unaota kuingia peke yako na shela refu, hesabu upya.

Machi iacheni. Jumatano ya Majivu 2027 ni 10 Februari, Pasaka 28 Machi, na parokia nyingi hazifungishi ndoa Kwaresima bila ruhusa maalumu. Bado kuna mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili tatu. Muoneni paroko KABLA ya kulipa ukumbi. Binamu yangu alianza na ukumbi, paroko akamwambia siku hiyo haipo. Advansi haikurudi.

Binti Pangani
Mtu wa Korogwe akose shangazi Waislamu? Ramadhani mwakani inatarajiwa kuanza 8 Februari hivi, mwezi ukiandama. Kwa hiyo Kwaresima na mfungo vinakwenda pamoja. Hilo pilau la mchana mtampikia nani?

Mama Watatu
Mwanangu, mbona mnagombania kitu kimoja wakati viko viwili? Harusi ni ya upande wa mwanaume, waachie wapange. Sendofu ndiyo ya baba yako. Anachotaka mzee ni kukuaga mbele ya ndugu zake, kwenye ua wake. Mpe 26 Desemba, afanye sendofu Rombo. Upande wa mume watume wajumbe kumi, si sitini. Harusi iwe Jumamosi ya mwisho ya Januari, 30. Jua kali lakini masika bado, mtoto kamaliza mtihani, Kwaresima haijaingia. Kumbi nazo hazigombaniwi.

Na hili hawatakuambia wanaume: kabla hujakubali tarehe yoyote, hesabu siku zako. Mimi sikuhesabu.

Mhazini Mstaafu
Januari ni ada za shule, mama.

Mama Watatu
Ndiyo maana umesema wakusanye hadi Novemba, baba. Nakutumia maneno yako mwenyewe.

Mrombo wa Tabata
Narudi na majibu. Mama Watatu, nimehesabu, 30 Januari niko salama 😂. Mchumba kalalamika kidogo kuhusu suti na joto la Dar, nikamwambia avae kaunda. Kwao wamekubali, kikao cha kamati ni Jumapili hii. Paroko tunamuona Jumatano, na ukumbi sijaugusa hata senti.

Baba nilimpitishia kwa shangazi, maana mimi angenikatia simu. Hajasema ndiyo. Ila jana kampigia kaka wa Arusha kumuuliza ndafu siku hizi wanachoma shilingi ngapi.