Tupeane uzoefu: nani ameshapika pizza nene ya sufuria nyumbani, na ilimtokea vipi?

Mama wa Mwanakwerekwe (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefungua mada hii kwa sababu Ijumaa iliyopita niliaibika mbele ya mawifi zangu. Niliwaahidi pizza ile nene ya Chicago, ambayo unga wake hupandishwa kwenye kingo za chombo mpaka ukawa kama bakuli, jibini ikatangulia chini, nyama ikafuata, na tungule zikaja juu kabisa. Ilipotoka kwenye oveni ilipendeza kwelikweli, lakini nilipotia kisu maji yakamwagika kama niliyepasua dafu. Sinia lote likajaa supu nyekundu, na kitako cha mkate kilikuwa cheupe, kibichi, kinanata kwenye meno. Wifi yangu mkubwa aliuliza kwa upole kama alete vijiko.

Vipimo vyangu vilikuwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, robo kikombe ya mafuta, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, na chumvi. Tungule nilizikatakata mbichi, nikazimimina zilivyo, kisha nikaoka kwa dakika 20 kama ninavyooka pizza nyembamba. Naomba kila aliyewahi kuipika, awe ametumia oveni au mkaa, aeleze yaliyomtokea mwenyewe, si aliyoyasikia kwa jirani.

Mpishi wa Nungwi

Waalaykum salaam dada. Pole, ila umekosea pale pale nilipokosea mimi nilipoanza kazi ya jikoni hotelini, isipokuwa mimi nilikosea kinyumenyume. Wageni kutoka Marekani waliomba pizza ya Chicago, nami kwa mazoea nikaweka jibini juu. Pizza nene hukaa motoni dakika 30 mpaka 40, kwa hiyo jibini iliungua ikawa kama lami huku unga wa chini ukiwa bado mbichi. Mgeni mmoja aliyekulia huko hakukasirika, alicheka tu, kisha akanieleza kwamba ndiyo maana wao hugeuza mpangilio: tungule hukaa juu kwa kuwa zinastahimili moto wa muda mrefu, na jibini hulazwa chini ikayeyuka na kuuzuia mchuzi usiingie kwenye unga. Asili ya pizza hiyo ni mkahawa wa Pizzeria Uno wa Chicago, uliofunguliwa mwaka 1943, ingawa wenyewe wanabishana mpaka leo ni nani hasa aliyeibuni.

Sasa tuje kwenye tungule zako. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za tungule ni maji, na maji hayo yakifungiwa ndani ya bakuli la unga hayana pa kwenda. Mimi huzimenya, nikazivunja kwa mkono, nikazitia chumvi na kuziacha kwenye chujio nusu saa. Zikiwa za maji mengi zaidi, huzipika na thomu na mafuta kidogo mpaka kijiko kikipita kinaacha njia nyuma yake. Nyama ya kusaga nayo lazima ikaangwe ikauke kwanza. Oveni naiweka nyuzi 220, na chombo nakilaza kwenye rafu ya chini kabisa ili kitako kipate moto. Ikishatoka, usiikate kabla ya dakika kumi kupita, kwa sababu jibini iliyo moto bado ni mchuzi.

Kijana wa Jang'ombe

Mimi nilidhani inazungumzwa pizza yetu ya Forodhani, nikaja mbio. Ile hukunjwa kwa unga mwembamba juu ya tawa, ikatiwa nyama na yai, na kwa kweli haina undugu na hii isipokuwa jina. Ya sufuria sijajaribu kwa kuwa sina oveni, nangojea wenye uzoefu wa mkaa.

Bi Mkubwa wa Wete

Mwanangu wa Jang'ombe, kama kwenu mmewahi kupika mkate wa kumimina, basi oveni unayo. Mimi huku Pemba sikuwahi kuijua pizza mpaka wajukuu waliporudi kutoka Unguja na kuanza kuidai, na nilipoelezwa kwamba ni mkate unaopikwa ndani ya chombo chenye kingo, nikajua kwamba kazi hii mikono yangu inaijua.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilijaza makaa chini kama ninayepika wali, na juu nikaweka vijivu tu. Kitako kilikuwa ukoko mweusi wa kugonga ukalia, na juu tungule zilikuwa bado zinanitazama. Wajukuu walikula vya katikati, kuku wakapata vilivyobaki. Mara ya pili nikafuata desturi ya mkate wa kumimina, yaani moto mwingi uwe juu na chini ubaki kidogo. Nachukua sufuria nzito, naipaka samli mpaka kwenye kingo, nalitandaza donge kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, na kulipandisha kiasi cha vidole viwili. Chini nabakisha makaa matatu au manne yaliyokwisha kushika jivu jeupe, na juu ya kifuniko cha bati napalia makaa mekundu, nikizidisha pembeni kuliko katikati, kwa sababu kingo ndizo zinazochelewa.

Kisha nasikiliza. Mwanzo hakuna sauti, baadaye kidogo samli huanza kuchachatika pembezoni, na sauti hiyo ikiwa kali mno napunguza kaa moja la chini. Ikitimia nusu saa hivi, napangusa jivu ili lisidondokee chakula, nafunua, na kupenyeza kisu kati ya mkate na sufuria. Kisu kikiteleza na ubavu ukawa na rangi ya korosho iliyokaangwa, tayari. Kikishika, narudisha kifuniko. Ndani naweka jodari niliyemkaanga na kumchambua miiba, kwani nyama ya kusaga siipati kila siku, na sijasikia mtu akilalamika.

Kijana wa Jang'ombe

Shikamoo Bi Mkubwa, umenikumbusha mbali. Unguja ilipokaa bila ya umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mama alikuwa akioka keki namna hiyo hiyo uani, na kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya juu bila ya kupeperusha jivu. Kumbe nilikuwa nikisomea pizza. Jumapili najaribu.

Wa Fuoni

Mimi tatizo langu halikuwa maji wala moto, lilikuwa ni kuumuka. Maelezo niliyoyafuata yalitoka nchi ya baridi na yalisema unga uachwe saa moja na nusu. Nilikuwa jikoni wakati wa kaskazi, adhuhuri, jasho linanitoka, nami nikatii saa moja na nusu kama ilivyoandikwa. Donge lilimwagika nje ya bakuli, likanuka kama tembo la mnazi lililolala, na lilipookwa likasinyaa likawa gumu. Siku hizi wakati wa joto natia hamira nusu ya kipimo na ninalitazama donge badala ya saa: likifika mara mbili ya lilivyokuwa, na mara nyingi hufika hapo kwa dakika 45, nalishughulikia. Wakati wa kipupwe nalipa muda zaidi. Lingine ni kwamba donge la pizza hii halikandwi sana kama la maandazi, kwani linatakiwa livunjike mdomoni, na mafuta yale mengi yamewekwa kwa sababu hiyo.

Mama wa Mwanakwerekwe (mwanzisha mada)

Nimerudi na majibu, kwa sababu juzi niliirudia. Tungule nilizipika mpaka zikaacha njia ya kijiko, nyama nikaikausha, oveni nikaipa dakika 35 kwa nyuzi 220 na chombo kikiwa rafu ya chini. Maji hayakutoka hata tone. Hata hivyo kingo zilinianguka upande mmoja, zikateleza kurudi chini kabla sijaweka jibini. Nilikuwa nimelivuta donge kwa haraka nalo likajivuta kurudi, hivyo nikaliacha lipumzike dakika kumi, nikalipandisha tena na kulibana kwa dole gumba kwenye ukingo wa bati, likatulia. Kuhusu jibini, mozzarella bei yake si ya kuipikia kila wiki, kwa hiyo nilichanganya nusu kwa nusu na cheddar. Ladha ilikuwa nzuri, ila cheddar hutoa mafuta mengi, na safari ijayo nitaipunguza ibaki robo.

Mawifi niliwaalika wale wale. Wifi mkubwa alikuja na kijiko chake ndani ya mkoba, akakiweka mezani pembeni ya sahani bila ya kusema neno, na alipoondoka alikirudisha mkobani kikiwa kikavu.