Mlituambia tujenge mbali na sponi, kisha mkafuta kila kilichokuwa mbali na sponi

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Mnaocheza Minecraft, ile gemu ya kujenga dunia kwa bloku, kwenye seva yetu (dunia moja tunayoichezea pamoja mtandaoni) mnajua ninachokwenda kusema. Ambao hamjui, nitawaeleza mpaka muelewe, maana kesho mtakaribishwa kwenye seva nyingine na mtaambiwa maneno haya haya.

Tulipoingia, admini na wakongwe walituambia mgeni haruhusiwi kujenga ndani ya bloku 5,000 kutoka sponi, pale mtu anapotokea mara ya kwanza. Tukaenda nje ya hapo. Seva ilipohamishwa kwenda toleo la 1.21.4, kila kitu kilichokuwa nje ya bloku 5,000 kikafutwa. Namba ile ile. Nyumba za wageni zote zimekwenda na za wakongwe zote zimebaki. Tangazo lililotolewa usiku ule kwenye grupu lilisema tu kwamba seva itazimwa kidogo, tusiwe na wasiwasi.

Kuna watu wameanza kusema wageni tulijitakia kwa kukimbilia mbali. Hapana. Hakuna aliyekwenda mbali kwa kupenda. Ukitokea sponi unakuta ardhi yote ina mwenyewe. Seva inatumia pulagini (programu ya nyongeza) ya kumiliki ardhi, na kila saa unayokaa ndani unapewa bloku 100 za kudai. Aliyeanza zamani anazo za kumwaga. Anazungushia msitu, mto na kijiji kizima, halafu hajengi, na baadhi yao hawaingii tena kwenye seva kabisa. Mgeni anatakiwa akae saa 16 ndipo apate kiwanja cha 40 kwa 40.

Hata ukipata kipande katikati yao, utagombana nao kwa sababu ya malango ya kwenda Nether, ile dunia ya chini yenye lava ambako bloku moja ni nane za huku. Ukipita langoni, gemu inagawa koodineti zako (namba za mahali ulipo) kwa nane, kisha inatafuta upande wa pili kama kuna lango lolote ndani ya bloku 16. Likiwepo, haikujengei jipya, inakutoa kwenye hilo hilo. Bloku 16 za kule ni 128 za huku juu. Kwa hiyo jirani mwenye lango ndani ya umbali huo ndiye mwenye njia, na wewe ukirudi unaweza kutokea sebuleni kwake badala ya kwako. Watu wametukanana sana kwa jambo hili. Suluhisho la admini likawa kwamba wageni wote waende nje ya 5,000. Tulikubali bila kelele. Dunia ya toleo la kompyuta ina bloku milioni 30 kila upande kutoka katikati, nafasi ya kila mtu ipo.

Sasa nisikilizeni kwenye hili la kuchagua mahali, kwa sababu wanaotujibu "jengeni tena popote" wanaongea kama vile nyumba ni kuta na paa. Kwenye gemu hii kuchagua mahali ndiyo kazi yenyewe. Ngano haikui kama hakuna mtu karibu: gemu inahudumia mimea iliyo ndani ya bloku 128 kutoka kwa mchezaji, zaidi ya hapo shamba linalala tu. Ukijenga hapa, ukalima kule na kuchimba kwingine, huvuni kitu. Lazima nyumba, shamba na mgodi viwe pamoja. Chuma kinapatikana kwa wingi juu milimani, kadiri unavyopanda, kileleni kabisa karibu na Y 232 (Y ni kimo). Almasi zinaongezeka kadiri unavyoshuka, mpaka karibu na -59. Anayekaa tambarare anapata kimoja. Anayekaa ubavuni mwa mlima anapata vyote viwili kwa ngazi moja. Halafu unataka kijiji jirani, kwa sababu bila mwanakijiji wa kukuuzia kitabu cha Mending, uchawi unaokarabati zana, kila sululu nzuri utakayotengeneza itaisha mikononi mwako.

Mimi na mdogo wangu tuliuliza maswali yale yale anayouliza mtu anayetafuta kiwanja Chanika, Dar es Salaam: maji yako wapi, njia inapita wapi, majirani ni akina nani. Yeye yuko kidato cha pili, anachezea simu kupitia Geyser, programu inayowaunganisha wa simu na seva ya kompyuta; mimi nachezea kompyuta. Mabonde mengi tuliyakataa. Moja lilikuwa zuri kupindukia lakini halina kijiji. Lingine lilikuwa na kijiji, ila chini yake kulikuwa na pango la sculk, makazi ya zimwi kali liitwalo Warden, na mimi sikubali kulala juu yake. Mdogo wangu alikuwa na sharti lake, mahali pawe na miti ya cherry iliyokuja na 1.20 mwaka 2023. Mwishowe tukapata bonde kwenye X 7,900 na Z -1,800 hivi. Mlima upande mmoja, mto katikati, cherry mpaka ukingoni mwa maji, na kijiji ng'ambo.

Umbali wake mnaujua? Kukimbia kwenye Minecraft ni bloku 5.6 kwa sekunde. Kutoka sponi mpaka bondeni ni dakika 24, na siku nzima ya gemu, mchana na usiku wake, ni dakika 20. Maana yake hata ukitoka jua likichomoza, lazima usiku ukukute porini kwenye Creeper, yale mazimwi yanayolipuka. Ndiyo maana tukachimba njia Nether, karibu bloku 1,000 za handaki, sehemu kubwa yake juu ya lava. Tukawaalika wageni wengine wajenge mtoni. Palikuwa na kaya kadhaa. Kuna dada mmoja wa Mombasa alijenga baraza na milango miwili ya mbao mizuri kuliko chochote kilichopo sponi, na nasema hivyo mbele ya wakongwe wote.

Asubuhi baada ya apdeti mdogo wangu ndiye aliyeingia kwanza. Alikuwa ametoka kwenye gemu akiwa stoo, chini ya nyumba. Stoo haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa pamejaa jiwe, naye akaamshwa ndani ya jiwe hilo. Akakosa hewa, akafa. Kitanda hakipo, kwa hiyo gemu ikamrudisha sponi mikono mitupu, na alivyovaa na alivyobeba vyote vimebaki mlimani kilomita nane kutoka pale. Kilichosalia ni vilivyokuwa kwenye kasha la Ender, kwa sababu hilo huhifadhiwa pamoja na taarifa za mchezaji mwenyewe. Aliniamsha analia. Mkubwa mmoja kwenye grupu akamwandikia "pole dogo, ni gemu tu". Wewe uliyeandika hivyo, kasri lako la sponi lingefutwa ungeandika hivyo?

Nilikwenda bondeni mwenyewe kuangalia. Namba ya mbegu, ile ambayo gemu inaitumia kuumba dunia, haijabadilika, kwa hiyo bonde limeumbwa upya vile vile lilivyokuwa siku ya kwanza. Mlima ule ule, mto ule ule, cherry zile zile. Nyumba ndiyo hakuna. Wanakijiji wamezaliwa upya na hawana kazi wala bei tulizohangaikia. Na kitu kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba pulagini ya ardhi haikuguswa. Ukishika fimbo ukabonyeza nyasi pale, bado inakujibu kwamba eneo hili lina mwenyewe na jina ni langu. Tulikaa saa zote zile kupata bloku za kudai, tukadai kwa mujibu wa sheria zenu, na sheria hizo hazikutukinga na ninyi wenyewe mliozitunga.

Sababu walizotoa ni mbili, na zote hazisimami.

Ya kwanza ni kwamba walitaka watu wapate Pale Garden, ule msitu mweupe wa zimwi Creaking ulioletwa na 1.21.4 Desemba 2024. Ni kweli kwamba chanki (vipande vya ardhi) zilizokwisha kuumbwa haziwi mpya hata ukibadili toleo, na kitu kipya kinatokea tu pale ambapo hapajaumbwa. Lakini Pale Garden inatokea mahali palipokuwa msitu mnene wa giza. Mlima wa cherry haugeuki Pale Garden hata ukiufuta mara mia, na nimeshawaambia hapo juu, umerudi ule ule. Mmefuta nyumba zetu na hamkupata hata mti mmoja mweupe pale. Mliotaka msitu huo mngesogea mbele kidogo kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeifikia. Milioni 30, wakuu.

Ya pili ni diski kujaa. Hii ndiyo inanipandisha damu. Nani kaijaza? Mgeni anayelima ngano kwenye chanki chache, au mkongwe anayepaa na Elytra (mabawa) kutafuta meli za End, dunia nyingine ya gemu, na majumba ya msituni, akiacha nyuma yake ukanda mrefu wa ardhi iliyoumbwa ambayo hakuna atakayeikanyaga? Chanki ni bloku 16 kwa 16, na kila anapopita zinaumbwa kushoto na kulia mpaka mwisho wa macho yake. Huo ndio mzigo wa diski.

Na kuitofautisha nyumba na njia ya kuruka hakuhitaji uganga. Ndani ya kila chanki gemu yenyewe inaandika muda ambao wachezaji wamekaa hapo, sehemu inayoitwa InhabitedTime, kwa tiki, yaani mapigo ya saa ya gemu, 20 kila sekunde. Saa moja ni tiki 72,000. Chanki aliyoipita mtu juujuu ina namba ndogo kabisa au sifuri. Chanki zetu zilikuwa na namba kubwa kuliko viwanja vingi vya sponi ambavyo wenyewe hawaonekani. Ipo programu ya bure, MCA Selector, inayofungua dunia kama ramani na kukuruhusu kuchuja kwa namba hiyo hiyo: futa zilizo chini ya dakika kadhaa, acha zilizobaki. Wenye seva wengi wanafanya hivyo. Admini wetu anaijua, kwa sababu ndiyo aliyoitumia kufutia. Alichofanya ni kuchora mraba wa 5,000, akakata nje. Aliona kwenye ramani kwamba kuna paa, mashamba na madaraja, maana yanaonekana, akabonyeza.

Seva hii tunaichangia. Kila mwezi tunatuma hela za kulipia, na mgeni hatumi nusu. Anatuma sawa na mwenye kasri. Kwa nini basi wakati wa kuamua kipi kifutwe, wanaoulizwa ni wale tu walio ndani ya mstari? Kama mlikuwa na mpango wa kukata kila toleo jipya likija, mlitakiwa kutuambia siku tunaingia, kabla hatujachagua. Tungejua kwamba nje ya 5,000 ni pa kupiga hema tu, pa kuchimba na kuondoka. Tungeikataa amri ya kwenda nje, tukabanana ndani hata kwenye kinamasi. Tungedai vile viwanja visivyo na watu. Mmetunyima taarifa moja ambayo kila mtu anaihitaji kuliko zote anapotafuta pa kujenga, yaani kama mahali hapo patakuwepo kesho.

Kwa ambao mnaanza kucheza kwenye seva zenye watu, msihangaike kwanza na almasi wala mandhari. Muulizeni admini mbele ya watu, kwa maandishi: toleo jipya likija mnakata wapi, mnakata kwa kipimo gani, na ardhi niliyodai inahesabika? Akikwepa, msiweke jiwe hata moja.

Sasa narudi kwa admini, naomba uache kunijibu kwenye inboksi na ujibu hapa hapa ambapo kila mtu anasoma. Dunia ya Minecraft inahifadhiwa kwa mafaili, kila faili lina chanki 32 kwa 32, yaani bloku 512 kwa 512. Bonde letu lote na kaya zake limo kwenye faili moja, r.15.-4.mca. Wanakijiji na wanyama wako kwenye faili lenye jina hilo hilo ndani ya folda ya entities. Ni megabaiti chache. Ukiwa na nakala ya usiku wa kabla ya kufuta, unazima seva, unarudisha mafaili hayo mahali pake, unawasha. Hakuna kasri la sponi litakaloguswa. Wengine waliopoteza nyumba wataandika koodineti zao hapa chini, na mimi nitakaa na kila mmoja kumtafutia jina la faili lake ili wewe usipate kazi ya ziada.

Wakongwe mnaosema turudishiwe vitu tu kwa amri, almasi kadhaa na kasha la zana, tunashukuru, hatuhitaji almasi. Tunataka nyumba mahali tulipoichagua.

Admini, jibu swali moja tu: nakala ya kabla ya apdeti unayo, au uliifuta nayo?