Ulinganisho wa milio ya swichi: Milky Yellow, Boba U4T, Box White na MX Silent Red

KeteNne (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Swali la swichi ipi ya kibodi (kile kifaa kilicho chini ya kila kitufe) inalia vizuri haliishi humu, na jibu huwa kiungo cha video. Shida ya video ni kwamba unasikiliza kesi ya alumini, mkeka wa meza na maikrofoni ya bei mbaya kabla hujaisikia swichi yenyewe. Naweka nne hapa tuzilinganishe juu ya kibodi moja ya kawaida: kesi ya plastiki, pleti ya chuma (bamba linaloshika swichi), vikofia vya vitufe vya plastiki ya PBT vyenye umbo la Cherry, swichi za kuchomeka bila kulehemu.

Kwanza tuelewane mlio unatoka wapi. Kila ukibonyeza, stemu (kipande kinachoshuka na kupanda ndani ya swichi) inagonga mara mbili: ikifika chini inagonga ganda la chini, ikirudi inagonga ganda la juu. Katikati kuna mkwaruzo wa stemu kwenye reli zake, na springi inayovuma kama waya wa gitaa. Swichi za kliki zinaongeza kipande kingine kinachogonga kwa makusudi. Ukijua hayo, maneno "tok" (mlio mnene) na "tak" (mlio mkavu, mkali) yanaacha kuwa ya kubahatisha.

Gateron Milky Yellow: nyoofu (inashuka bila kinundu wala kliki), inasajili herufi kwenye gramu 50, safari ya kushuka milimita 4. Maganda yake ya rangi ya maziwa hayalii juu kama ya polikaboneti angavu. Mlio ni wa kete inayotumbukia kwenye shimo la bao. Ikiwa kavu inakwaruza na springi inavuma. Ikishapakwa grisi, kwa bei yake sioni ya kuisogelea.

Boba U4T: ina kinundu kikubwa (kizuizi unachokihisi kidoleni) kinachoanza mara tu unapogusa kitufe. Kidole kikishavuka kinundu kinashuka kwa kasi, ndiyo maana pigo la chini ni zito. Hii ndiyo yenye "tok" nene kuliko zote nne. Usiichanganye na U4 isiyo na T, hiyo ni ya kimya.

Kailh Box White: kliki. Ndani kuna kijiwaya cha chuma kinachovutwa na kuachiwa, si koti la plastiki linaloteleza kama kwenye Cherry MX Blue. Kwa hiyo mlio ni mwembamba, mkali, na kitufe cha kwanza hadi cha mwisho vinafanana. Blue ina mchakacho wa kopo lenye kokoto. Safari ya Box White ni milimita 3.6.

Cherry MX Silent Red: nyoofu, sentinyutoni 45 (sentinyutoni moja ni karibu gramu moja), safari milimita 3.7. Stemu ina vipande laini vinavyozuia pigo la chini na la juu. Mlio wa kugonga unafutika karibu wote, lakini hapo ndipo unapoanza kusikia kila kitu kingine: mkwaruzo, springi, stabilaiza (vishikizo vyenye waya chini ya vitufe virefu). Kimya kinaumbua.

FundiRisasi

Mkuu, kazi nzuri, ila umeweka pleti ya chuma kisha ukaisifia U4T kwa mlio mnene. Pleti ya chuma ni ngumu, inarudisha masafa ya juu. Ukitaka kusikia U4T ilivyo, iweke kwenye pleti ya plastiki, polikaboneti au POM. Alumini iko katikati, shaba ya njano inalia juu na kwa muda mrefu zaidi. FR4, ambayo ni malighafi ileile ya bodi ya saketi, ni chaguo la salama kwa anayetaka mlio usioegemea upande wowote.

Namna ya kufunga nayo ina sauti yake. Bodi iliyofungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye kesi hailii sawa kila mahali: vitufe vilivyo karibu na skrubu vinalia vigumu na juu, vilivyo mbali vinalia kama chombo kitupu. Bonyeza G kisha P utasikia. Bodi inayokaa juu ya vipande vya sponji pembeni haina ubaguzi huo.

Na onyo kwa wanaonunua kibodi za bei nafuu: baadhi ya zile za kuchomeka zina matundu membamba yanayokubali swichi za Outemu tu. Pini za Gateron, Kailh na Cherry ni pana zaidi, hazipiti. Soma maelezo ya muuzaji vizuri. Pia angalia kama bodi ina matundu 3 au 5 kwa kila swichi. Swichi ya pini 5 kwenye bodi ya matundu 3 unakata vile viguu viwili vya plastiki kwa koleo kali la kukatia, usawa na ganda. Hakuna kinachoharibika.

mama_stabu

Mnabishana kuhusu pleti wakati spesibaa inalia kama sufuria. Kabla ya kununua swichi hata moja, shughulikia stabilaiza za spesibaa, Enter, Backspace na Shift mbili. Mgeni akisikia kibodi yako atakumbuka mlio wa spesibaa, si wa herufi F.

Chomoa waya wa stabilaiza, ulaze juu ya kioo bapa. Ukibonyeza ncha moja nyingine ikanyanyuka, waya umepinda. Unyooshe kwa vidole taratibu, jaribu tena. Kisha chovya ncha mbili za waya kwenye grisi nzito ya silikoni. Ile ya kuzuia unyevu kwenye plagi za magari inafaa, duka la spea analo. Ndani ya ganda la stabilaiza paka grisi ya swichi, Krytox 205g0, kidogo. Kama miguu ya kipande kinachopanda na kushuka ina vindimi viwili vya ziada, vikate. Kama stabilaiza yako ni ya kufunga kwenye bodi, bandika kipande cha plasta ya kidonda mahali miguu hiyo inapotua. Stabilaiza za kubana kwenye pleti hazihitaji plasta, ila ni ngumu zaidi kuzituliza.

Vaselini msiweke. Inalainika na joto, inatambaa, inakusanya vumbi. Mafuta ya kupikia sitaki hata kuyataja.

dhumna_mezani

Kuna anayeweza kunipa mlio wa dhumna? Naona wote mnasifia tok. Mimi nataka tak kavu.

GrisiKidogo

@dhumna_mezani tafuta swichi yenye stemu ya nguzo ndefu. Kwenye swichi ya kawaida stemu inatua kwenye kingo za reli. Kwenye nguzo ndefu ncha ya katikati inafika sakafuni kwanza, kwa hiyo pigo ni moja, la mahali pamoja, kali. Safari yake ni fupi kuliko milimita 4. Weka springi ndefu au ya hatua mbili, irudi kwa kasi na kugonga ganda la juu kwa nguvu. Pleti ya alumini, vikofia vyembamba vya plastiki ya ABS, sponji ondoa. Utapata dhumna yako na majirani watapata cha kusema.

Kwa wengine, kuhusu grisi, maana asilimia kubwa ya malalamiko ya "swichi imekufa mlio" ni ya grisi iliyozidi.

Swichi nyoofu kama Milky Yellow: Krytox 205g0, brashi namba 0 au 00. Chovya, kisha futa brashi kwenye mdomo wa kopo hadi nywele zibaki na ung'avu tu. Pitisha mara moja kwenye reli mbili za ganda la chini, kuta za stemu, na mwisho wa chini wa springi. Ukiona weupe umerundikana ni nyingi mno. Kopo la gramu 5 linatosha zaidi ya swichi 100 kwa mkono mwepesi.

Swichi za kinundu kama U4T: tumia grisi nyepesi, Tribosys 3203, na viguu viwili vya stemu vinavyosukuma kibati cha mguso usiviguse kabisa. Ukivipaka kinundu kinazama, unabaki na swichi nyoofu uliyoinunua kwa bei ya kinundu.

Springi zote ziingize kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga na matone machache ya mafuta ya Krytox 105, tikisa dakika moja hivi. Mvumo unaisha bila kupaka moja moja.

Grisi ikifika kwenye kibati cha mguso, kitufe kinaanza kuruka herufi au kuzirudia. Watu hukimbilia spiriti. Spiriti haiyeyushi Krytox. Fungua swichi, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, spiriti isaidie tu kuondoa uchafu mwingine.

Pwani_Tamu

Na Box White inapakwaje? Na je, Blue inaweza kupunguzwa makali?

GrisiKidogo

Box White: springi na kuta za stemu tu. Kijiwaya kikiguswa na 205g0 kliki inakuwa kama ya mtu anayekohoa. Blue usiihangaikie. Ukipaka lile koti umeua kitu pekee kilichokufanya uinunue. Anayetaka kliki ya kimya anataka maji makavu.

Nyongeza kwa wanaonunua Box za mitumba: za awali zilikuwa na msalaba (sehemu ya stemu inayoshika kikofia) mnene kidogo uliopasua vikofia. Kailh walirekebisha kalibu mwaka 2018. Kama hujui umri wa swichi, usizivalishe vikofia vya bei.

MaikiMbele

Nauliza kwa niaba ya wanaorekodi sauti au kushinda kwenye mikutano: ulinganisho wa KeteNne ni wa sikio, wa maiki je? Kwa maiki iliyo mezani tatizo kubwa ni mtetemo unaopita kwenye mbao kupanda stendi, si mlio wa hewani. Silent Red juu ya meza tupu inaweza kusikika "dum dum" kwenye rekodi kuliko Milky Yellow juu ya mkeka wa milimita 4. Weka mkeka kwanza. Kisha sogeza maiki: ukiongeza umbali mara mbili mlio wa moja kwa moja unapungua kama desibeli 6, ingawa kwenye chumba cha vigae na kuta za saruji hautashuka hivyo, mwangwi unarudisha sehemu yake.

Na mnaorekodi majaribio kwa simu, kumbukeni simu hujirekebisha yenyewe: mlio mdogo inaupandisha, mkubwa inaushusha, mwisho Box White na Silent Red zinafanana. Tumia programu inayokuruhusu kufunga kiwango cha kupokea sauti. Simu sentimita 30 kutoka kwenye kibodi, swichi tano za kila aina kwenye mstari mmoja wa herufi, kofia zilezile zikihamishwa. Mstari mmoja ni muhimu. Vikofia vya mstari wa juu ni virefu na vinalia tofauti.

FundiRisasi

Hapo kwenye mstari mmoja umenena. Watu wanalinganisha A na F5 halafu wanaandika insha.

Wasiotaka kubadili pleti wana njia mbili za bei ya chai. Ya kwanza, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, matabaka 2 au 3, nyuma ya bodi ya saketi. Inazamisha mlio na kuufanya ububujike kidogo. Tepu ya umeme msitumie, ikiondoka inaacha gundi. Ya pili, sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa vifaa vya umeme dukani, nusu milimita, iwekwe kati ya swichi na bodi.

mama_stabu

Tepu nakubaliana. Sponji ya nusu milimita napinga kwa mtu anayeanza. Ikizidi unene kidogo, swichi haikai hadi mwisho, pini inagusa nusu, na kitufe kinafanya kazi asubuhi tu. Halafu kila swichi inalia sawa juu ya sponji hiyo, Milky Yellow na U4T hutazitofautisha. Ulinunua nne za nini sasa? Weka sponji chini ya kesi, mahali penye uwazi, inatosha kuondoa mlio wa kopo.

FundiRisasi

Sikatai. Ila kwa kesi ya plastiki yenye tumbo kubwa, sponji ya chini peke yake haitoshi, na tepu bila sponji nayo inaacha mwangwi. Aweke zote mbili, na ile sponji ya nusu milimita chini ya swichi aiache.

KeteNne

Nimerekebisha chapisho la kwanza kichwani mwangu: mlio wa U4T usomwe "tok nene, ikiwa pleti si ya chuma". Kwenye chuma Milky Yellow iliyopakwa grisi inashikilia uzito wake vizuri kuliko U4T, na ni rahisi zaidi mfukoni. Kwa chumba cha watu wawili bado nabaki na Silent Red, lakini baada ya hatua za mama_stabu. Bila hizo utalipia kimya usichokisikia. Box White ni ya mwenye chumba chake na mlango unaofunga.

Pwani_Tamu

Ninunue ngapi kwa kibodi ya vitufe 84?

KeteNne

Chukua 90. Mbili tatu zitapinda pini. Kabla ya kuchomeka angalia pini zote mbili zimesimama wima, shika bodi kwa nyuma kwa kidole mahali soketi (kishikio cha pini za swichi) ilipo, kisha sukuma swichi wima bila kuyumbisha. Ukisukuma bila kushika nyuma, soketi inabanduka na hapo ndipo utakapomtafuta FundiRisasi. Pini ikipinda inyooshe kwa kibanio cha nyusi mara moja. Ikipinda mara ya pili mahali palepale itakatika, itupe.