Mafuta ya mgando ya mwarobaini yanayeyuka kisha yanaota ukungu: nakosea wapi?

Mwarobaini_Mbagala

Habari za jioni wadau. Natengeneza mafuta ya mgando ya mwarobaini kwa ajili ya magaga na ngozi kavu. Mikupuo mitatu mfululizo imeharibika, na kila mara kwa namna ileile. Naandika nilivyofanya, mnionyeshe kosa liko wapi.

Majani mabichi ya mwarobaini, konzi mbili kubwa, nayasaga kwenye blenda pamoja na mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, mililita 250. Naweka sufuria jikoni moto wa wastani dakika 15, nachuja kwa chujio la chai. Naongeza nta ya nyuki iliyokunwa vijiko viwili vya chakula, ikiyeyuka naepua. Hapo natia ute wa aloe vera nusu kikombe na mafuta ya karafuu (yale makali ya chupa ndogo) kijiko kimoja cha chai. Nakoroga, namimina kwenye makopo ya plastiki na kufunika papo hapo vumbi lisiingie.

Matokeo: saa nane mchana kopo linakuwa uji. Baada ya wiki mbili chini kuna maji ya kijani, na juu madoa meusi yenye manyoya. Halafu aliyepaka shingoni anasema yanaunguza kama pilipili.

---

Nta_na_Asali

Umeandika vizuri, kwa hiyo kosa linaonekana bila kubahatisha. Au tuseme makosa, maana yapo kama matano, lakini manne yana baba mmoja: maji.

Hesabu maji yanapoingilia. Jani bichi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, nawe umelisaga, kwa hiyo yote yametoka. Mafuta ya nazi ya nyumbani yanayotokana na tui, yasipopikwa hadi mwisho, nayo yana maji na chembe za nazi. Ute wa aloe karibu wote ni maji. Halafu umefunika kopo likiwa na moto, mvuke ukagota kwenye kifuniko na kudondoka juu ya mafuta. Ndiyo maana ukungu wako umeanzia juu! Mafuta makavu kabisa hayaoti ukungu, kwa sababu vijidudu haviwezi kuishi bila maji. Yataharibika kwa kuchacha, ila hilo huchukua miezi.

Anza na majani. Chuma asubuhi umande ukishakauka, osha, kung'uta, tandaza kivulini kwenye chekeche au kitambaa, geuza kila siku. Siku tano hadi saba, msimu wa mvua hata kumi. Usianike juani, rangi na harufu vyote vitapotea. Jani liko tayari pale linapovunjika kwa mlio ukilikunja. Likijikunja tu kama karatasi, bado.

Kuloweka: gramu 40 za majani makavu yaliyofikichwa kwa mkono (usisage unga, utashindwa kuchuja) kwa gramu 400 za mafuta. Weka kwenye bakuli kavu la kioo au chuma cha pua, juu ya sufuria yenye maji. Maji ya chini yatoe mvuke bila kutokota, mafuta yabaki kati ya nyuzi 50 na 60, kwa saa mbili hadi tatu. Bakuli usilifunike kwa mfuniko wa bati, funika kwa kitambaa. Moto wa moja kwa moja unaunguza majani, na mafuta yanapata harufu ya mkaango ambayo hata karafuu haiifichi.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokauka. Kamua kwa kiasi tu, maana ukikamua kwa nguvu za kufulia nguo unatoa matope ya jani. Acha mafuta kwenye chupa ya kioo usiku kucha mahali penye joto, kisha mimina taratibu na uache sentimita moja ya chini. Kama kuna maji au tope, vimelala hapo. Kupima: dondosha tone moja kwenye kikaango kikavu chenye moto. Likilia cha-cha-cha, maji bado yapo. Katika gramu 400 tegemea kupoteza kama 50 zinazobaki kwenye majani.

Sasa nta. Kijiko si kipimo cha nta. Nta iliyokunwa vijiko viwili inaweza kuwa gramu 10 au 20, inategemea umeikwangua nyembamba kiasi gani na umeshindilia vipi. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali. Bila hiyo hakuna mkupuo utakaofanana na mwenzake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Dar mchana unapita hapo karibu mwaka mzima. Kinachoshika kopo lako ni nta peke yake, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64.

Kwa mkupuo wa gramu 200 unaofaa joto la Pwani:

mafuta ya nazi yaliyolowekwa mwarobaini, gramu 130
siagi ya shea, gramu 30
nta ya nyuki, gramu 38
vitamini E ya mafuta (ya kudondosha), gramu 1
mafuta ya harufu, gramu 1 na si zaidi

Yeyusha nta na mafuta ya mwarobaini pamoja juu ya maji ya moto. Nta ikiisha kabisa epua, tia shea, koroga. Chovya kijiko kilichotoka friji, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kwa kidole. Kikizama kama kwenye siagi, ongeza nta gramu 3. Kikigoma kama mshumaa, ongeza mafuta gramu 10. Hapo ndipo unaporekebisha, si baada ya kujaza makopo ishirini.

Vitamini E na harufu vitie mafuta yakishuka chini ya nyuzi 50, yanapoanza kufifia pembeni. Makopo yawe yameoshwa, yamekaushwa kabisa na kupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70. Mimina, acha wazi chini ya kitambaa safi hadi yapoe kabisa, ndipo ufunike. Ukiona shea imefanya chengachenga kama sukari, imepoa polepole mno. Yeyusha tena, kisha kopo liingie friji dakika 20.

---

binti_Chake

Hiyo shingo inayoungua ni karafuu, usitafute mchawi mwingine. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mchanganyiko wako wote haufiki mililita 400, kwa hiyo umetia zaidi ya asilimia 1. Mafuta ya karafuu kwa ngozi yasizidi asilimia 0.5, yaani gramu 1 kwa gramu 200, na kwa shingo na uso bora yasiwemo kabisa. Eujenoli iliyomo ndiyo ile inayotia ganzi jino, na ndiyo inayochoma ngozi. Ubaya wake mwingine ni kwamba ngozi ikishaikataa mara moja, huweza kuikataa siku zote, hata kwa tone.

Mdalasini ni mkali kuliko karafuu, usiuguse. Mchaichai nao uwe chini ya asilimia 0.7. Ndimu na limau za kukamua ziache jikoni: ndimu ikipakwa ngozini kisha ukatoka juani, inaacha malengelenge na mabaka meusi ya miezi.

Kila mkupuo mpya, paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, subiri saa 48.

---

Mzee_wa_Tui

Naheshimu maelezo ya hapo juu, ila hili la majani mabichi mnalikuza. Bibi zetu walipika mafuta kwa majani mabichi na hayakuota kitu. Siku saba za kukausha ni uvivu wa mjini.

---

Nta_na_Asali

Mzee wangu, shikamoo. Bibi hakupika dakika 15. Aliacha mafuta jikoni hadi mapovu yakaisha na majani yakawa makavu kama chipsi, na mlio ukanyamaza. Hapo maji yote yameshatoka kwa mvuke. Ni njia sahihi, na mwenye jani bichi anaweza kuifuata: gramu 100 za majani (yasisagwe) kwa gramu 400 za mafuta, moto mdogo, usitoke jikoni, epua mara tu mapovu yanapokoma. Gharama yake ni kwamba mafuta yanapita nyuzi 100, yanakuwa meusi na kuchacha mapema. Bibi alipika kidogo yakaisha ndani ya wiki chache. Anayetaka kopo likae miezi sita, akaushe majani.

Hata hivyo umenikumbusha jambo: mafuta ya tui yenyewe yapikwe hadi mashapo yawe kahawia na kutulia chini, mapovu yakiwa yameisha. Ukiyatoa mapema, umeanza na maji kabla hujagusa mwarobaini.

---

Mwarobaini_Mbagala

Shukrani sana. Maswali mawili. Vitamini E si ndiyo inayozuia ukungu? Nikiongeza siwezi kuendelea na aloe? Wateja wanaipenda. Na nta yangu ni ya kijijini, nyeusi kidogo, ina shida?

---

Mkemia_wa_Jikoni

Vitamini E haiui kuvu wala bakteria. Inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Watu wengi wanauziwa kama "dawa ya kuhifadhi", na hapo ndipo krimu za nyumbani zinapoharibika.

Aloe itoe kwenye mafuta ya mgando. Maji na mafuta havishikani bila kiunganishi, na nta peke yake haitoshi kuviunganisha. Ulivyokoroga vilionekana vimechanganyika kwa sababu nta ilikuwa inaganda na kuyabana matone ya maji. Mchana ilipolainika, yakashuka. Ndiyo yale maji yako ya kijani.

Itengeneze peke yake. Kata jani zima karibu na shina, lisimamishe kwenye glasi nusu saa utomvu wa njano utiririke wote. Huo ndio unaowasha, na wengi wanausaga pamoja na ute. Osha, menya, chukua ute mweupe tu, saga, chuja. Bila dawa ya kuhifadhi hukaa friji siku tano. Nyingine igandishe kwenye trei ya barafu, utoe kipande kimoja kimoja. Ya kuuza lazima iwe na dawa: kwa gramu 100 za ute tia sodiamu benzoeti gramu 0.4 na potasiamu sobeti gramu 0.2, na pH yake (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi) ishushwe kwa asidi sitriki hadi 4.5. Pima kwa karatasi za pH. Ikizidi 5, benzoeti inakuwa pambo, haifanyi kazi. Gramu 0.4 haipimiki kwa mizani ya jikoni, tafuta ile ndogo ya masonara.

Nta nyeusi si tatizo, uchafu na maji yaliyofungiwa ndani ndiyo tatizo. Iyeyushe ndani ya maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu. Kwangua tope la kahawia lililoshika upande wa chini. Kisha iyeyushe tena peke yake juu ya maji ya moto hadi isitoe hata kipovu. Na kama uliuziwa iliyochanganywa na mishumaa, utaijua: nta halisi ikipata joto la vidole inalainika na kunata, ya mchanganyiko inateleza na kumeguka.

---

Uyole_baridi

Kwa sisi wa Mbeya hiyo asilimia 19 ya nta ni jiwe. Juni na Julai hata mafuta ya nazi yenyewe yanaganda kwenye chupa. Nipunguze kiasi gani?

---

Nta_na_Asali

Shuka hadi asilimia 12, na nusu ya mafuta ya nazi iwe alizeti iliyosafishwa. Kwa gramu 200: nazi 73, alizeti 73, shea 28, nta 24, vitamini E 1, harufu 1. Alizeti ni laini na nzuri kwa ngozi kavu, ila inachacha mapema kuliko nazi, kwa hiyo vitamini E usiiruke na makopo yasikae dirishani. Harufu ya karanga zilizokaa sana ikianza, tupa.

---

binti_Chake

Nyongeza kwa aliyeuliza, maana umetaja wateja. Usiandike kwenye lebo kwamba yanatibu fangasi. Mapunye ya kichwani hayaishi kwa kupaka, fangasi wako ndani ya unywele na wanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Na usichanganye mafuta ya jani na mafuta ya mbegu ya mwarobaini. Ya mbegu ni makali, mtoto akiyanywa ni sumu.

Kuhusu kibali, tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena. SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanaweza kukuelekeza pa kuanzia. Lebo iwe na viambato vyote, uzito, namba ya mkupuo na tarehe ya kutengenezwa.

---

Mwarobaini_Mbagala

Nimeelewa. La mwisho: makopo 14 yenye ukungu yapo hapa. Nikiyayeyusha upya na kuchuja, yatafaa kwa magaga tu?

---

Mkemia_wa_Jikoni

Hapana. Kuyeyusha kwenye nyuzi 70 hakumalizi mbegu zote za kuvu, wala hakuondoi sumu walizokwisha kuacha, na kisigino chenye nyufa ni kidonda kilicho wazi. Mwaga yote. Yasiende kwenye sinki, nta itaziba bomba. Futa kwa karatasi utupe na taka. Makopo ya plastiki laini yaliyoshika harufu yatupe pia. Magumu osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, pangusa spiriti, acha wazi hadi kesho yake.

---

Mzee_wa_Tui

Marahaba kijana wa nta. Na hiyo nazi, chagua iliyokomaa ukiwa unakamua tui, yaani nazi kavu ambayo ukiitikisa unasikia maji. Changa ina maji mengi na mafuta machache, utapika hadi magharibi.