Naomba ushauri: insulini ya ubongoni na sodiamu kwenye mkojo

Habari zenu wakuu. Naandaa pendekezo la jaribio kuhusu figo na nimekwama.

Insulini ikiwa kwenye damu huifanya figo ishikilie sodiamu. Mtafiti DeFronzo na wenzake walilionyesha hilo kwa binadamu mwaka 1975, sukari ya damu ikiwa haipandi wala kushuka. Lakini panya akidungwa insulini kiasi kidogo tu moja kwa moja kwenye ventrikali ya ubongo (chumba chenye majimaji ndani ya ubongo), sodiamu kwenye mkojo inaongezeka na usafishaji wa kreatinini (kipimo cha uchujaji wa figo) haubadiliki. Yaani uchujaji uko vilevile, ila mirija ya figo inarudisha mwilini sodiamu kidogo zaidi. Homoni ileile, matokeo kinyume!

Nilidhani neva za figo zinatulia. Tatizo, insulini inajulikana kuamsha neva za simpathetiki (zile zinazouweka mwili tayari kwa hatari), na hizo kwa kawaida huzuia chumvi isitoke. Vitabu nilivyopitia vinaishia kwenye figo, ubongo havigusi kabisa.

Je, ishara ya ubongoni inafikaje kwenye mirija, kwa neva au kwa homoni? Na kumpa panya mwingine dozi ileile kwenye mshipa kunatosha kuthibitisha kwamba insulini ya ubongoni haikuvujia kwenye damu, au nipime na sukari pia? Waliowahi kufanya kazi hii maabara, tafadhali.