Nimehama klabu ya gofu: je, ninaruhusiwa kuichezea klabu mpya mashindano ya timu mwaka huu?

HamahamaDar

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri kwa wale waliowahi kukaa kwenye kamati za mashindano ya gofu, au waliowahi kukutana na jambo kama hili.

Hadi mwaka jana nilikuwa nikichezea klabu moja ya Kaskazini. Kazi imenihamishia Dar es Salaam, na mwezi Desemba niliomba uanachama katika klabu ya huku na kulipa kiingilio mwezi huo huo, ila kamati ya uanachama ilikaa na kunipitisha Februari. Sasa kapteni wa klabu mpya anataka niwemo kwenye timu ya mashindano ya vilabu yatakayochezwa Juni. Masharti ya mashindano yanataka mchezaji awe mwanachama wa klabu anayoiwakilisha tangu tarehe 1 Januari ya mwaka husika, na asiwe amewakilisha klabu nyingine katika mashindano hayo hayo ndani ya msimu.

Yapo mambo mawili zaidi yanayonitatiza. Uanachama wangu wa zamani bado uko hai kwa sababu ada niliilipa hadi katikati ya mwaka, na klabu ile iliniandika kama mchezaji wa akiba katika raundi ya kanda mwezi Machi, ingawa sikucheza hata shimo moja. Isitoshe, kwenye mfumo wa handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) klabu yangu ya nyumbani bado ni ile ya zamani. Kapteni anasema twende tu, hakuna atakayeuliza. Mimi sina amani na jibu hilo.

Beki_Tatu

Mkuu, hili mbona rahisi? Uhamisho ni uhamisho. Chukua barua ya kuachiwa kutoka klabu ya zamani, ipeleke chama cha gofu wakuidhinishe, basi unacheza. Bila barua wewe ni mchezaji wa kule.

KatibuMstaafu

Ndugu Beki_Tatu, huo ni utaratibu wa mpira wa miguu na hauna mwenzake kwenye gofu ya ridhaa. Mchezaji gofu hasajiliwi na klabu kwa mkataba. Anaweza kuwa mwanachama wa klabu tatu siku moja, na wapo wengi wa namna hiyo Nairobi na hata hapa kwetu. Barua ambayo klabu mpya huomba kutoka klabu ya zamani ni ya kuthibitisha kwamba mtu hadaiwi na hana kesi ya nidhamu. Inasaidia kupata uanachama, lakini peke yake haimpi mtu sifa ya kucheza mashindano yoyote.

Sasa nimjibu mleta uzi. Kanuni za Gofu zinazotolewa na R&A pamoja na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za mchezo huu duniani, hazisemi mchezaji wa timu awe mwanachama kwa muda gani. Zinaiachia kamati ya mashindano iweke masharti yake kuhusu nani aingie, iwe kwa umri, kwa jinsia, kwa handikapu au kwa uanachama, na zinaitaka isiyabadilishe masharti hayo mashindano yakishaanza isipokuwa kwa sababu ya kipekee. Kwa hiyo ndugu yangu, usitafute jibu katika kitabu cha kanuni, wala kwa watu wanaokumbuka jinsi mambo yalivyokwenda mwaka juzi, maana masharti ya mwaka juzi huenda hayafanani na ya mwaka huu.

Kikwazo chako kikubwa ni tarehe. Fungua katiba ya klabu yako mpya, usome sehemu inayoeleza uanachama unaanza lini. Katika klabu nyingi nilizozifahamu, mwombaji mwenye mdhamini na wa kumuunga mkono hubaki mwombaji hadi kamati impitishe, na fedha anayotanguliza ni amana inayoweza kurudishwa akikataliwa. Ikiwa katiba yako iko hivyo, uanachama wako ni wa Februari, na sharti la tarehe 1 Januari hujalitimiza, hata kama ulikuwa ukicheza hapo kila Jumamosi tangu Desemba kwa ada ya mgeni. Angalia pia kama umepitishwa kuwa mwanachama kamili au wa majaribio, kwa sababu baadhi ya masharti hutofautisha hayo mawili. Ikiwa kumbukumbu za kikao zinasema umekubaliwa kuanzia tarehe ya malipo, hapo una hoja, lakini kumbukumbu hizo ziwe zimeandikwa siku ya kikao. Kumbukumbu zinazorekebishwa Mei ili kukidhi mashindano ya Juni zina jina lake.

Na kuhusu kauli ya kapteni kwamba hakuna atakayeuliza, nakushauri usome Kanuni ya 20.2e. Inasema hakuna ukomo wa muda wa kurekebisha pale inapogundulika kwamba mchezaji asiye na sifa amecheza. Iwe mashindano yanaendelea au yamekwisha na kombe liko kabatini, mchezaji huyo huhesabiwa kana kwamba hakuingia kabisa, na matokeo yanarekebishwa. Pointi ulizoiletea timu zinafutika, na wenzako waliocheza kihalali ndio wanaorudisha kombe.

MpigaPati

Nakubaliana na KatibuMstaafu kuhusu tarehe, lakini mimi naona suala la akiba ni zito zaidi ya hilo. Jina likishaandikwa kwenye orodha ya timu na kukabidhiwa kwa kamati, mchezaji amekwisha kuiwakilisha klabu. Sharti hili lipo ili klabu zenye fedha zisikusanye mamluki, yaani mchezaji hodari mwenye handikapu ya sifuri achezee klabu moja raundi ya kanda, kisha aonekane na jezi nyingine kwenye fainali. Akiba naye ni sehemu ya nguvu ya timu, kwa kuwa angeweza kuitwa dakika yoyote.

KatibuMstaafu

Hoja yako ina uzito, MpigaPati, na yapo mashindano yanayoandika hivyo waziwazi, kwamba aliyeorodheshwa amefungwa na klabu hiyo kwa msimu mzima. Mengine huandika kwamba aliyefungwa ni aliyepiga mpira katika mechi. Masharti ya mleta uzi yanasema kuwakilisha, bila ufafanuzi, na mimi nikiwa kwenye kamati ningesema aliyekaa benchi bila kucheza hajawakilisha. Lakini mimi na wewe hatumo kwenye kamati hiyo. Tafsiri ni ya waandaaji, na inaombwa kwa maandishi kabla orodha ya timu haijapelekwa.

UghaibuniDublin

Salaam kutoka Ireland. Huku mashindano ya klabu kwa klabu ni jadi kubwa. Irish Senior Cup imekuwapo tangu 1900, na tangu 2021 chombo kinachosimamia gofu ya wanaume na ya wanawake kwa pamoja ni Golf Ireland. Watu wengi wana uanachama katika klabu zaidi ya moja, kwa mfano moja ya mjini wanakofanya kazi na nyingine ya kijijini walikozaliwa, na kila msimu unapokaribia maswali kama haya hujaa kwa makatibu.

Nilichojifunza hapa ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: kuwa mwanachama, kuwa na klabu ya nyumbani kwa ajili ya handikapu, na kuwa na haki ya kuchezea timu. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza na cha pili, akakosa cha tatu. Ningependa mleta uzi atueleze kama masharti yake yanataka klabu anayoichezea iwe ndiyo klabu yake ya nyumbani. Kama yanataka hivyo, swali la akiba na la tarehe ya malipo halina maana hadi hilo la handikapu litatuliwe.

HamahamaDar

Nimerudi kuyasoma. Masharti yanasema handikapu ithibitishwe na klabu inayomteua mchezaji. Je, nikihamisha klabu ya nyumbani sasa nitaanza upya kupeleka kadi za alama? Na handikapu yangu itabadilika?

KatibuMstaafu

Hutaanza upya. Anayeanza upya ni mtu asiye na handikapu kabisa, ambaye hupeleka alama za mashimo 54 ndipo apewe ya kwanza. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza kutumika 2020, kumbukumbu ni ya mchezaji na humfuata anakokwenda. Mwenye klabu zaidi ya moja huteua moja kuwa ya nyumbani, na hiyo ndiyo inayosimamia handikapu yake. Andika kwa katibu wa handikapu wa klabu zote mbili, na uhakikishe hubaki na namba mbili zenye kumbukumbu mbili, kwa kuwa hapo ndipo matatizo halisi huzaliwa.

Kielezo chako, yaani ile namba ya handikapu iliyo kwenye mfumo, kitabaki kilekile, kwa sababu kinatokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, popote ulipoyachezea. Kitakachobadilika ni mikwaju unayopewa uwanjani. Unazidisha kielezo kwa kipimo cha ugumu wa uwanja, unagawa kwa 113 (ugumu wa uwanja wa kawaida), kisha unajumlisha tofauti kati ya alama ya uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa handikapu ya sifuri) na pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja). Kwa mfano, mwenye kielezo cha 12.4 kwenye uwanja wa ugumu 128, alama 71.2 na pa 72, anapata mikwaju 13. Kwenye uwanja wa ugumu 113, alama 70.0 na pa hiyo hiyo, anapata 10. Watu wakiona tofauti hiyo baada ya mtu kuhama, huanza kunong'ona kwamba klabu mpya imempandishia handikapu, kumbe ni hesabu ya uwanja tu.

HamahamaDar

Wakuu, nalileta jibu. Katibu wa klabu yetu aliiandikia kamati ya mashindano akaambatanisha nakala ya ukurasa wangu katika daftari la wanachama pamoja na orodha ya raundi ya kanda. Wamesema akiba ambaye hakucheza hahesabiwi kuwa amewakilisha, kwa hiyo hapo MpigaPati tumepona. Lakini uanachama wameuhesabu kuanzia siku ya kupitishwa, na katiba yetu inasema hivyo hivyo. Kwa Juni hii, sina sifa. Klabu ya nyumbani nimeshaibadilisha, ili mwakani lisibaki swali.

Kapteni alinuna siku mbili, kisha akaniuliza kama ninaweza kumbebea begi mchezaji wetu wa kwanza, kwa kuwa uwanja ule ninaujua vizuri. Hilo nalo lina sharti la uanachama?

MpigaPati

Kedi, yaani mbeba begi, si mchezaji, kwa hiyo sharti la tarehe 1 Januari halikugusi, labda masharti yaseme vinginevyo kuhusu makedi. Kanuni ya 10.3 inamruhusu mchezaji kuwa na kedi mmoja kwa wakati, naye anaweza kumshauri kuhusu fimbo, upepo na mstari wa pati (mkwaju wa kuusukuma mpira shimoni). Ila ushauri huo ni kwa mchezaji wako tu na mwenzake kama wanacheza wawili wawili. Usiende kuwashauri wachezaji wengine wa timu kwenye mechi za pembeni, isipokuwa kamati iwe imeruhusu kila timu kuwa na mshauri na wewe uwe umetajwa kwa jina kabla ya mechi.

KatibuMstaafu

Naongeza moja tu. Tangu 2019 kedi haruhusiwi kusimama makusudi nyuma ya mpira, kwenye mstari wa kupigia, mchezaji anapoanza kujipanga. Makedi wa zamani bado wana mazoea hayo. Kosa lako humwangukia mchezaji, na kwenye mechi ya mtu kwa mtu adhabu yake ni kupoteza shimo.

HamahamaDar

Nimepokea. Nitamwomba kapteni anitafutie masharti ya makedi kabla sijamjibu.